Mgrivelea sio mti wa kuni tu: jinsi ya kupata mbao za samani kutoka kihambani kwako

Leo naomba tuyaweke pembeni mahindi na viuatilifu, tuongelee mti ambao karibu kila kihamba huku kwetu mlimani unao, na ambao mimi mwenyewe nimeusema vibaya kwa miaka mingi: mgrivelea.

Mwezi wa kumi na moja uliopita mama mmoja alinipigia simu. Ni mjane, namfahamu tangu nilipohamishiwa kata hii, na nikipita kwake siondoki bila chai. "Bwana shamba, kuna kijana wa mbao hapa, anataka migrivelea yangu yote kumi na moja. Nimpe?" Nikamuuliza anatoa kiasi gani. Alipotaja, nikanyamaza. Bei ya mti mzima uliosimama, wenye miaka 20 na zaidi, ilikuwa haifiki bei ya mbao tatu kavu niliyokuwa nimeulizia Moshi mjini wiki ileile. Lakini mjukuu wake alikuwa anaingia kidato cha kwanza Januari, na yule kijana alikuwa na hela taslimu mfukoni.

Kilichoniuma zaidi sio ile bei. Ni kwamba mama alinirudishia maneno yangu mwenyewe: "Si ndiyo wewe ulituambia mgrivelea ni mti wa kuni na kivuli cha kahawa, hauna mbao?" Kweli nilisema. Nilisema kwenye mkutano wa kijiji, tena kwa kujiamini. Sijui ni wangapi waliuza miti yao kwa bei ya kuni kwa sababu ya maneno yale. Kwa hiyo somo la leo ni la kujisahihisha.

KABATI LANGU LA MAJI

Nilipoanza kazi nilitengenezewa kabati la nguo la mgrivelea uliotoka kwa wazazi wangu. Tulikata mti Aprili, masika imekolea. Tukapasua mbao wiki hiyohiyo, na baada ya siku kumi hivi fundi akaanza kazi. Kabati lilipotoka lilipendeza, kila mgeni aliuliza ni mbao gani. Kufika Agosti mlango mmoja ulikuwa haufungi. Februari iliyofuata mlango wa pili umejikunja kama sahani, na ubao wa juu umepasuka kuanzia kichwani hadi karibu katikati. Nikatoa hukumu: mgrivelea haufai. Hukumu hiyo nikaibeba hadi kwa wakulima.

Aliyenitoa ujinga ni fundi seremala mmoja mzee wa kata ya jirani. Nyumbani kwake kuna meza ya kulia chakula ya mgrivelea aliyoitengeneza zaidi ya miaka 15 iliyopita. Niliweka rula juu yake nikatafuta mwanga chini ya rula, sikuuona. Nikamsimulia habari za kabati langu. Akacheka akasema, "Mti hauna kosa bwana shamba. Nyie mlitengeneza kabati la maji."

Tatizo ni kwamba mafundi wetu wengi walijifunza kazi kwa mninga. Mninga ni mti wa ajabu: ukikauka haupungui sana, kwa hiyo hata fundi mwenye haraka akiutumia haujakauka vizuri unamsamehe. Mgrivelea hausamehi. Fundi akiuchukulia kama mninga atalia, na mwenye kabati atalia naye.

NI MTI GANI HUU

Kitaalamu unaitwa Grevillea robusta. Sio wa asili ya hapa, kwao ni mashariki mwa Australia, upande wa New South Wales na Queensland. Uliletwa Afrika Mashariki enzi za wakoloni kuwa kivuli cha kahawa na chai, ukatoka kwenye mashamba makubwa ukaingia kwenye mashamba yetu madogo. Majirani zetu Wakenya wa upande wa Mlima Kenya wanauita mukima au mubariti. Na kule kwao Australia hakuna anayeuita mti wa kuni: kwa miaka mingi wametengenezea samani na fremu za madirisha.

Ubao wake una sehemu mbili. Ya nje, karibu na gome, ni nyeupe inayoelekea rangi ya krimu. Ya ndani, yaani kiini, ni ya waridi hadi kahawia yenye wekundu, na inazidi kuiva rangi kadiri miaka inavyokwenda. Uzito wake ni wa kati. Ubao mkavu ni mzito kiasi kuliko paini, ila hausumbui kubeba.

Sifa yake kubwa ni yale madoa. Ndani ya mgrivelea kuna mishipa mipana inayotoka katikati ya mti kwenda kwenye gome, kama njiti za gurudumu la baiskeli. Ukipasua ubao ukafuata zile njiti, mishipa hiyo inajitokeza usoni mwa ubao kama magamba yanayong'aa, ukiuinamisha kwenye mwanga yanacheza. Ukipasua kwa kukatisha njiti, unapata vijistari vidogo tu. Ni mti uleule, gogo lilelile, lakini mbao zinatoka na sura mbili tofauti. Wengi wetu hatujawahi kuiona ile sura nzuri kwa sababu chenso inapasua ilimradi.

Udhaifu wake nao niuseme wazi. Usiuzike ardhini. Nguzo ya mgrivelea isiyowekwa dawa mchwa wataila na unyevu utaiozesha. Hata meza ya kukaa nje kwenye mvua siishauri. Kazi yake ni ndani ya nyumba: meza, vitanda, makabati, rafu, milango ya vyumba, ubao wa dari.

TULIVYOIKAGUA MITI YA MAMA

Nilimwambia mama amwombe yule kijana siku tatu, nikaenda na futikamba na yule fundi mzee. Nikasema, "Shikamoo mama, leo nimekuja kufuta maneno yangu." Akaitikia marahaba, akasema maneno yafutwe baada ya chai.

Sio miti yote kumi na moja ilikuwa na mbao. Hili nalisisitiza kwa sababu wengine mkisoma hapa mtakimbilia kukataa kila mnunuzi. Mitatu ilikuwa imegawanyika panda chini kabisa, imepinda na kujaa visiki vya matawi. Mzee marehemu alikuwa akiifyeka kwa panga akitafuta kuni, anaacha kisiki cha tawi chenye urefu wa kiganja. Kisiki kile kinakufa, mti unaendelea kunenepa unakimeza, na siku ya kupasua unakuta fundo jeusi lisiloshikana na ubao. Ukipiga randa linadondoka, linaacha tundu. Mitatu hiyo tukasema ni ya kuni na tofali, basi.

Minne ilikuwa imenyooka lakini bado myembamba, haijafika sentimita 25 kwa upana. Mti mwembamba wa aina hii ni mweupe mtupu, kiini chake bado kidogo, na ukipasua mbao zinapinda sana. Tukasema ibaki.

Minne iliyobaki ilikuwa miti hasa. Shina limenyooka mita 4 hadi 5 bila tawi. Kumbe hii ilikuwa karibu na nyumba, na mzee alikuwa akiipogoa kwa msumeno ikiwa bado midogo ili isiangushe matawi kwenye bati. Hakukusudia mbao, alikusudia bati, lakini mbao zikapatikana.

Wewe mwenye miti michanga sasa hivi, hapa ndipo pesa yako ilipo. Pogoa tawi likiwa bado na unene wa dole gumba. Tumia msumeno, kata karibu na shina bila kuchubua ule uvimbe wa shingo ya tawi, na usipande juu sana: acha angalau nusu ya juu ya mti ikiwa na majani mti ukiwa mdogo, na theluthi moja ukishakua. Kuni utapata, kahawa itapata mwanga, na shina litakuwa safi. Mgrivelea unavumilia sana kupogolewa, hata ukiukata kichwa unachipua. Ila ukiukata chini kabisa usitegemee kisiki kichipue vizuri, huo sio mkaratusi. Panda mche mwingine.

Na mbegu usichume kwenye mti wowote ilimradi una mbegu. Chuma kwenye miti iliyonyooka, na uchanganye za miti kadhaa, kwa sababu mti uliojitenga peke yake hutoa mbegu hafifu. Uwahi pia, maganda yakipasuka mbegu zina bawa, upepo unazichukua zote ndani ya siku chache. Zikishapatikana zisikae dukani au kabatini mwaka mzima, zinakufa mapema.

HESABU AMBAYO DALALI HAKUFANYII

Dalali anahesabu miti. Wewe hesabu ujazo. Huhitaji kompyuta, unahitaji futikamba na simu yenye kikokotoo.

Pima mzunguko wa gogo katikati ya urefu wake (mti ukiwa umesimama, kadiria, au tumia ngazi kama tulivyofanya sisi). Mti mmoja wa mama ulikuwa na mzunguko wa sentimita 107 katikati. Gawanya kwa 3.14, unapata upana wa sentimita 34, yaani mita 0.34. Sasa zidisha 0.34 mara 0.34 mara 0.785, halafu zidisha kwa urefu wa gogo, mita 4. Jibu ni kama mita za ujazo 0.36.

Hizo zote haziwi mbao. Chenso inakula sana, unga peke yake unajaza magunia, na pembeni kuna magamba. Kwa chenso mimi nakadiria theluthi moja tu ndiyo inabaki mbao, yaani 0.12. Ubao wa inchi 1 kwa inchi 6 wenye futi 12 una ujazo wa karibu 0.014. Kwa hiyo gogo lile linatoa mbao kama nane. Mashine nzuri ya kupasulia yenye msumeno mwembamba inaweza kukupa zaidi, kama ipo karibu na barabara inafika.

Sasa nenda kwenye duka la mbao lililo karibu nawe, uliza ubao mkavu wa kipimo hicho ni shilingi ngapi, zidisha mara nane. Toa gharama ya mpasuaji, ya kubeba, ya kibali. Toa na kitu kidogo kwa mbao zitakazoharibika, maana zitakuwepo. Kinachobaki ndicho ulinganishe na hela ya dalali. Kuna mahali hesabu inasema muuzie dalali, hasa kama uko mbali na barabara au mti ni mbovu. Lakini uamue ukiwa umeiona.

Kuhusu kibali: huku kwetu kukata mti, hata uliopanda mwenyewe, unapitia kwanza ofisi ya kijiji na afisa misitu wa wilaya, na mbao zikisafiri zinahitaji hati yake. Usiseme "ni mti wangu" halafu mbao zikaishia kizuizini. Na mti ulio mpakani kaeni na jirani kwanza. Nimeshasuluhisha ugomvi wa mgrivelea mmoja kwa mwaka mzima, na mti wenyewe ulikuwa na mchwa.

Mama alifanya hivi: yule kijana akauziwa ile mitatu mibovu. Alinuna kidogo, lakini akachukua. Hela ile, pamoja na ndizi, ilitosha sare na madaftari ya kuanzia. Kitu ambacho hesabu zetu za kitaalamu hazikioni ni kwamba Januari haisubiri ubao ukauke.

KUPASUA

Tulikata ile minne katikati ya Januari, kukiwa kukavu. Kabla ya chenso kugusa shina, mzee fundi alizunguka kila mti akipapasa kwa kiganja. Nikauliza anatafuta nini. "Misumari." Mti uliokuwa karibu na banda la kuku ulikuwa na minne, mmoja umeshamezwa, kimebaki kidoa cheusi kwenye gome. Tafadhali, mti unaotaka uwe mbao usigeuze kuwa nguzo ya banda wala usiufunge waya wa kuanikia nguo. Msumari mmoja unaharibu mnyororo, na mpasuaji atakudai.

Sasa kupasua kwenyewe. Kwa kawaida gogo linalazwa na kupasuliwa kama mkate wa kukata, ubao juu ya ubao. Ni haraka. Lakini ubao uliopasuliwa hivyo, ukiutazama kichwani, pete zake zimelala kama upinde. Mgrivelea ukikauka unapungua zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete kuliko kwa kuelekea kwenye moyo, mara mbili au hata zaidi. Kwa hiyo zile pete zinataka kunyooka, na ubao unajikunja. Ndiyo mlango wangu wa sahani.

Njia ya mzee: gogo linapasuliwa kwanza vipande vinne kupitia katikati, kama unavyopasua papai kwa watoto wanne. Halafu kila robo unaitoa ubao mmoja upande huu, mwingine upande ule, kwa zamu. Ukitazama kichwani mwa ubao, pete zinasimama wima au karibu na wima. Ubao wa namna hii haujikunji ovyo, na zile mishipa zinazong'aa zinatokea usoni. Ule moyo wenyewe wa katikati kabisa, unene wa vidole viwili hivi, unautoa kabisa, hauingii kwenye ubao wa samani, kwa sababu utapasuka tu.

Hasara yake ni kwamba mbao zinatoka nyembamba. Gogo la sentimita 34 halikupi ubao wa inchi 12, linakupa wa inchi 5 au 6. Na inachukua muda, mpasuaji wetu alilalamika siku nzima na ikabidi tumwongezee. Mbao nyembamba sio tatizo, fundi anaziunganisha kwa gundi, na meza ya mbao nyembamba zilizounganishwa inatulia kuliko ya ubao mmoja mpana. Wateja ndio wanapenda ubao mmoja mpana.

KUKAUSHA

Hapa ndipo kazi iliposhindikana kwangu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mbao zikishapasuliwa, siku hiyohiyo paka vichwa vyake rangi ya mafuta. Rangi yoyote iliyobaki kwenye kopo inatosha. Maji yanatoka vichwani haraka kuliko usoni, na hiyo haraka ndiyo inayopasua. Sisi tulitumia rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la kanisa, tukaombewa ruhusa na mwenyekiti wa jumuiya.

Usianike mbao juani kama mahindi. Narudia, usianike juani. Tafuta kivuli chenye upepo, nyuma ya nyumba au chini ya paa la banda. Chini weka matofali au magogo, mbao zikae angalau futi moja na nusu kutoka ardhini. Panga safu ya kwanza, acha nafasi ya vidole viwili kati ya ubao na ubao. Juu yake weka vijiti vikavu vya inchi moja, vyote unene sawa, kila baada ya futi moja na nusu. Safu nyingine juu. Vijiti vya safu zote visimame mstari mmoja, kijiti juu ya kijiti, kuanzia chini hadi juu. Ukivipanga hovyo, uzito wa juu unapindisha mbao za chini, na ubao ukikaukia kwenye pindo lile haurudi. Juu kabisa weka bati la kuzuia mvua na mawe mazito.

Zikae muda gani? Kwa ubao wa inchi moja, katika hali ya hewa ya huku, mimi nasema miezi mitatu hadi minne, ikiangukia kwenye masika ongeza. Lakini usihesabu miezi tu, pima. Chagua vipande viwili vya mbao uviweke katikati ya rundo, uvitoe kila wiki uvipime kwenye mizani, uandike. Mwanzo uzito unashuka haraka, baadaye polepole, mwishoni unasimama. Ukisimama wiki tatu mfululizo, ubao umefika mwisho wa kukauka kwa hewa ya pale ulipo.

Ukitaka namba kamili, kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, sio kichwani, ukipime, tuseme gramu 600. Kikaushe kwenye jiko la kuokea kwa moto mdogo hadi uzito usimame, tuseme gramu 500. Tofauti ni 100. Gawanya kwa 500, unapata asilimia 20. Hiyo bado ni mbichi kwa samani. Tunataka 12 hadi 14, na baada ya hapo mbao zikae tena wiki mbili tatu ndani ya karakana au ndani ya nyumba kabla ya kutengenezwa.

Mama alikuwa akipima kwa mizani ya kuuzia maharage, anaandika ukutani jikoni kwa mkaa. Daftari langu lilipotea, ukuta haukupotea.

KWA FUNDI

Mambo machache ya kumwambia fundi wako, maana wengi hawajazoea mti huu. Unakubali msumeno, gundi, msasa na vanishi bila shida. Ila ule ubao wenye mishipa inayong'aa, randa butu inaing'oa, uso unabaki na vishimo. Chuma cha randa kiwe kikali sana, na kishuke kidogo tu, apige mara nyingi nyembamba badala ya mara moja nene. Kama inazidi kung'oa, amalizie kwa msasa. Karibu na kichwa cha ubao atoboe kwanza kabla ya kupiga msumari au skrubu, la sivyo unapasuka.

Ubao wa juu wa meza asiugandishe kwa misumari kila mahali kwenye fremu. Hata ubao mkavu unatanuka wakati wa masika na kupungua wakati wa kiangazi, uachiwe nafasi kidogo ya kusogea. Milango ya kabati aitengeneze kwa fremu yenye mfereji, na ubao wa katikati ukae ndani ya mfereji bila gundi.

Na vumbi lake. Kuna watu ngozi zao hazipatani na mgrivelea: wanawashwa, wanatoka vipele mikononi na shingoni, wengine wanapiga chafya. Fundi avae barakoa, anawe mikono kabla ya kula. Nawe mkulima ukiwa unapogoa ukaona ngozi inawasha, vaa mikono mirefu, sio uchawi wa jirani.

MBAO ZA MAMA ZIMEFIKIA WAPI

Gogo nne zilitupa mbao 29, tulitarajia 32. Tatu zilipasuliwa vibaya mwanzoni kabla mpasuaji hajaelewa. Masika ilipofika, upande mmoja wa rundo bati lilikuwa fupi, maji yakaruka kutoka chini, na mbao tano za chini zikaota ukungu. Hilo ni kosa langu, mimi ndiye niliyesema bati linatosha. Zile tano tulizisugua, tatu zikapona, mbili zikawa rafu za jikoni.

Kufika mwisho wa Juni uzito kwenye ule ukuta ulikuwa umesimama: wiki nne namba ileile. Fundi mzee alikuja akagonga ubao mmoja mmoja kwa kidole akisikiliza, halafu akachukua 18 kwa bei ya ubao mkavu wa mjini, akalipa nusu palepale na nusu baada ya wiki tatu. Mama aliponipigia kunieleza kiasi, alitaja kwanza hela ya yule kijana kwa mti mmoja, halafu hela yake kwa mbao za mti mmoja, akaniacha nifanye hesabu mwenyewe. Ada ya muhula wa pili ilikuwa imeshatoka.

Zilizobaki amekataa kuuza. Anataka meza, mjukuu akija likizo asome akiwa amekaa kitako, sio kitandani. Ile minne myembamba bado imesimama, na wiki iliyopita niliona matawi yake ya chini yamekatwa kwa msumeno, karibu kabisa na shina. Katikati ya migomba, palipotoka miti mibovu, kuna miche saba mipya. Ameipanda mita 3 hadi 4 mmoja kutoka mwingine, mbali na banda la kuku.